Umeme Umekatika Mabibo

Saa nne na robo usiku mtaa mzima unaguna;
mimi peke yangu nashukuru.
Umeme ukiwapo, nyaya zote za Mabibo huvuma masikioni mwangu
kama nyuki waliofungiwa debeni.
Ukikatika, debe hufunguka.

Napanda juu ya zege na betri ya pikipiki
na pete yangu ya waya wa shaba, mizunguko mia na ishirini
kwenye rimu ya baiskeli.
Yule wa Gerezani aliyenipimia waya kwa kilo
aliuliza, "Dada, unatega nini?"

Natega mtambo mmoja wa ng'ambo ya bahari.
Mluzi mnene, usiochoka, hauna habari wala muziki.
Unakuja ukigonga maji, ukigonga anga,
maji, anga,
kama mpira wa matambara kwenye uchochoro.
Ukuta wa juu hauonekani: kilomita themanini na kitu,
hewa nyembamba iliyovunjwavunjwa na jua,
na usiku hupanda kidogo, pazia lililokunjwa.

Radi inapiga Kisarawe.
Hapa mvua bado. Harufu ya vumbi tu, na mbu.
Lakini kalamu ya mtambo inashtuka kwenye karatasi,
mstari unadondoka kama mtu aliyekosa ngazi,
kisha unajikusanya, sekunde ishirini, hamsini,
dakika na nusu, mpaka urudi kimo chake.
Huko juu ukuta umeungua pasipo moshi.
Naandika saa. Naandika: Kisarawe, tena.

"Sikudhani!"
Bwana Mfaume, mwenye nyumba, yuko uani na redio yake ya mkulima,
mpira dakika ya themanini na nane,
na kila mtangazaji akikaribia goli, kra! kra!
"Zima dubwana lako, linanikwaruzia mechi!"
Namwambia dubwana langu halisemi, linasikiliza tu;
anayekwaruza ni radi, na radi iko Kisarawe.
"Basi waambie Kisarawe wangoje filimbi ya mwisho."

Anapanda, kandambili zikilia, ugomvi mkononi.
Nahamisha swichi kutoka kwenye mluzi,
namvika visikizio kabla hajafungua mdomo.

Anasimama.
Magharibi mawingu yanawaka kwa ndani, kimya,
chemli chini ya shuka.
Na radi nyingine, za mbali, za Msumbiji pengine, pengine za Kongo,
zimepita kati ya kuta mbili mpaka sauti zimekunjika mikia:
chiu. Chiu-chiu.
Chiu.

"Hawa vifaranga ni wa nani?"
Ananong'ona, asije akawatisha.
Kule uani redio inalipuka kwa goli. La nani, hatukujua.

Tone la kwanza lilidondokea ile dakika na nusu,
likaifuta.

Kesho yake, kwenye ngazi, hakunidai kodi.
Aliuliza tu, kwa sauti ndogo,
mama yao ni yupi.