Nusu Chapati

Kitabu tulikiazima Maktaba Kuu, hakina jalada,
kimeliwa na mende kuanzia ukurasa wa mia na kumi.
Watoto watatu walikuwa wamefungua kabati
wakaikuta jana imesimama humo ndani, na viatu vyake.
Baada ya hapo, mende.

Chande akalia. Ana miaka sita; anataka mwisho
kama anavyotaka ukoko, mpaka sufuria ing'are.
Nikamwambia lala, nitautafuta.

Mama alikuwa amelalia hesabu za vitenge,
jenereta la jirani likikohoa chini,
Mtaa wa Sikukuu wote milango ya chuma.
Saa nane usiku kunguru akagonga dirisha.
Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake;
huyu aliingia, akakanyaga kitabu chetu,
shingo ya kijivu, macho ya mdai kodi.

"Mwisho unauzwa," akasema. "Chapati moja."
"Ipo nusu."
"Haya, nusu. Lakini na mwisho utakuwa nusu."

Alisema ukoo wao ulikuja mji huu kwa meli,
haukualikwa, ukakaa.
Alisema wao husahau fadhila tu, mengine yote wanayo.
"Unaishi Kariakoo. Kariakoo ni nini?"
"Ni soko."
Akacheka hadi chapati ikamtoka.
"Litamke polepole, kama mgeni mwenye homa."

Keria.
Koo.

Neno likafunguka kooni mwangu kama kabati.
Ghorofa zikakunjwa kama vitenge jioni,
nyaya za umeme zikarudi zilikotoka,
pakabaki mchanga, nyasi, mahema,
na wanaume wameketi, mabega yamefanya sugu
kwa masanduku ya watu wengine.

Sikuogopa. Mmoja alikuwa na mafua,
mwingine anashona shati lililokwisha kuwa viraka vitupu.
Walivibeba vita vichwani: risasi, mchele,
kitanda cha bwana mkubwa, na birika lake la chai.
Vita vyenyewe havikuwa vyao.

"Unajua kuandika?" akauliza mwenye mafua.
Nilikuwa na daftari la hesabu la darasa la tano,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
"Basi tuandike. Karani alituandika namba."

Kasubi, wa Tabora.
Chilongola, wa Ugogo, aliyeacha ng'ombe ana mimba.
Nampungu, wa Newala ("andika vizuri, mtoto, si Nambungu").
Foleni ikapita mahema, ikapita mwanga.
Nilimaliza kurasa za sehemu, nikaingia za desimali,
mkono ukiniuma, kunguru akinihimiza kwa matusi.

Wa mwisho alikuwa kijana, hata ndevu hana.
Jina lilimpotea kwenye matope ya Rufiji,
alisema, pamoja na vidole viwili vya mguu.
Kunguru akatazama pembeni.
Nikamwazima la mdogo wangu.
"Chande," akalijaribu, kama mtu anayejaribu kofia dukani.
Likamkaa.
Hakulirudisha.

Asubuhi mwalimu Mbelwa akakusanya madaftari.
Kalamu nyekundu: *Hii siyo kazi niliyotoa.*
Kisha akasoma chini zaidi, akavuta kiti,
akafunua ukurasa, akafunua mwingine,
midomo ikicheza bila sauti, darasa zima likimtazama.
Akaniita mezani.
"Huyu Chilongola," akanong'ona, "yule ng'ombe alizaa?"
"Sijui, mwalimu. Nilikuwa na nusu chapati."

Kitabu tumekirudisha, tukalipa faini ya siku nne.
Kunguru hupita na wenzake juu ya paa la soko,
hanisalimu.
Na Chande, nikimwita siku hizi,
huchelewa kidogo kuitika,
kama mtu anayetua mzigo kwanza.