Risiti ya Misumari

Mwezi wa kumi na moja wingu lilikaa juu ya Loleza
kama kuku juu ya mayai,
na sisi wa Nzovwe, nyumba ya Baba Ipyana,
tukaanza kupanga vyombo.

Beseni upande wa miguu. Sufuria ya kande mlangoni.
Ndoo ya rangi, ile isiyo na mkono, juu ya cherehani,
maana cherehani ndiyo inayolipa kodi.
Kila chombo na sauti yake:
beseni to, sufuria ti,
ndoo husubiri kwanza, kisha hutamka neno zima.
Mwanangu Lusekelo alijifunza kuhesabu hivyo.
Jana alifika mia na nne ndipo akalala.

Nilikupigia, Baba Ipyana.
Ulisema, "Fundi anakuja Jumatatu."
Hukusema Jumatatu ya mwaka gani.
Nilikupigia tena, simu ikaita mpaka ikachoka.
Mara ya tatu ulipokea, mkali:
"Kama nyumba haikufai, mlango uko wazi."
Ni kweli uko wazi.
Bawaba iling'oka tangu Pasaka.

Kodi yako lakini haijui masika wala kiangazi.
Miezi sita mkononi, noti zimenyooshwa,
na mkataba ulioandika kwa mwandiko wako:
cha nne, mpangaji atatunza nyumba;
cha tano, mwenye nyumba atakarabati paa na kuta.
Nimekisoma cha tano mpaka karatasi imechanika mkunjoni.
Wewe umekariri cha nne.

Sasa sikia la kuchekesha.
Chumba namba sita analala Gwakisa, fundi bati.
Amepaua Iyunga, amepaua Uyole,
amepaua lile kanisa jipya la Iwambi
ambalo hata upepo unabisha hodi.
Usiku anajifunika nailoni juu ya blanketi.
Nikamuuliza, "Mbona wewe huzibi?"
Akatema makapi ya muwa:
"Nikiziba bure nimelipa kodi mara mbili,
mara moja kwa noti, mara moja kwa kiuno."

Tulikwenda ofisi ya mtaa.
Tukaambiwa tuyamalize kifamilia.
Familia ipi?
Wewe hujawahi kulala hapa hata usiku mmoja.

Basi tukaandika. Majina sita,
na dole gumba la Mama Tumpe, la buluu, limekolea
kuliko saini zetu zote.
Tukakupa siku kumi na nne, nakala kwa mtendaji,
muhuri ukagongwa.
Siku ya kumi na tano ilinyesha.

Nunua ni nunua: bati nne, mbao mbili,
misumari kilo moja,
na ufundi wa Gwakisa kwa bei ileile ya watu wa Iyunga.
Hazikutosha nyumba nzima.
Tulianzia chumba cha Mama Tumpe,
maana kifua chake hakina Jumatatu nyingine.

Leo umekuja kuchukua kodi.
Nimekupa noti, na juu yake risiti
iliyotobolewa kwa msumari ili isipeperuke.
Umehesabu mara moja. Umehesabu mara mbili.
Umesema huu ni wizi, umesema utatufukuza,
umesema wapangaji wa siku hizi wamesoma vibaya.
Mimi nimekuwekea chai, mgeni ni mgeni.

Nje wingu limeshuka mpaka barabarani.
Tone la kwanza limeangukia kikombe chako.
Umeangalia juu, kwa muda mrefu,
kama mtu anayesoma mkataba kwa mara ya kwanza.
Ukasogeza kiti.

Hapo pia, Baba Ipyana.
Hapo pia panavuja.