Namba Kumi na Saba

Wamenibandika karatasi kifuani: kumi na saba.
Pini imepinda, inanichoma kila nivutapo pumzi,
na mwalimu kasema, lolote litakalotokea, pumua.

Nyuma ya ukumbi, hapa Upanga, tupo ishirini na wawili
na ala zetu magotini. Hakuna anayesema.
Feni inazunguka nusu pigo nyuma.
Naichukia kwa hilo. Najichukia kwa kulisikia.

Fidla yangu ni deni.
Mama aliuza cherehani, ile ya miguu, akasema,
"Cherehani haijui kulia. Hii inajua."
Sasa nguo za wateja anazishona kwa mkono,
na mimi nikikosea noti moja
nasikia sindano ikikatika.

Mwananyamala kuta ni nyembamba.
Jirani yetu Mbwilo, mlinzi wa usiku, hulala mchana.
Mwezi wa kwanza aligonga ukuta kila nilipoanza.
Mwezi wa pili akawa anagonga nilipokosea tu.
Mwezi wa tatu kimya. Nikaenda kumtazama kama yu mzima.
"Leo," akasema, macho mekundu, "sikuona pa kugonga."

Namba kumi na sita ni Nuruana, wa Masaki.
Sanduku lake lina mahameli ya buluu ndani.
Mwaka jana alinishinda kwa alama mbili,
nami nimezilea hizo mbili kama vidonda,
kila usiku nikizifunua.

Nimemkuta chooni. Amefungulia bomba
ili tusisikie anavyotapika.
"Baba kaja na wenzake wa ofisini," akasema.
"Wamejaza mstari mzima."

Nina ndimu. Mama aliifunga kwenye pindo la kanga
akanipa asubuhi, bila maelezo.
Nikaipasua kwa meno. Nusu yake, nusu yangu.
Tulinyonya tukikunja nyuso kama watoto,
na bomba likiendelea kumwaga maji ya watu.

Kisha akaitwa.
Akapiga. Jamani, akapiga.
Nilisimama nyuma ya pazia nikimwombea ateleze,
sifichi, niliomba kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa,
na alipofika kwenye ile ngazi ya noti kumi na mbili
akasita.
Vidole vyangu vya kushoto vikaruka vyenyewe,
vikaenda mahali pake, hewani,
kama mtu anayedaka kikombe kisicho chake.

Akapita.

"Kumi na saba."

Taa ni kali kuliko nilivyodhani.
Mstari wa pili, mashati meupe, simu juu.
Mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango, Mama:
ana suruali ya mtu mapajani, anapinda pindo.
Hajaninyanyulia macho. Hataki kunitisha.
Yeye anapinda, mimi nina upinde.
Viganja vyangu vinanuka ndimu.

Haya, Mama.
Tuone nani atamaliza kwanza.