Jumapili ya Nasaba

Ilikuwa zamu yangu kusoma.
Usiku theluji ilikuwa imepanda hadi kizingiti cha kanisa,
jenereta la Ain Tuta likakohoa, likazima,
na padri akanisogezea mshumaa
karibu mno, nikasikia harufu ya nywele zangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sauti imeanza kukwaruza,
na mbele yangu ukurasa mzima wa majina
kama mawe ya kuvukia mto.
Huyu akamzaa huyu. Huyu akamzaa yule.
Mjomba Zakhia alisinzia hata kabla hatujamfikia mfalme.
Watoto wa Tanusi walitupiana maganda ya chungwa.
Nani awalaumu? Nami nilisoma
kama karani anayehesabu magunia.

Niliwapita wanawake bila kuwatazama usoni:
yule aliyejitanda shela, akaketi njiani kudai haki yake;
yule wa ukutani, mwenye kamba nyekundu dirishani;
mgeni aliyeokota masazo ya shayiri;
na yule asiyetajwa jina, aitwaye tu mke wa mwenzake,
ili kosa la mfalme lisipate pa kujificha.

Kisha uhamisho.
Kisha majina yasiyo na hadithi.
Azori. Sadoki. Akimu.
Hakuna aliyeangusha jitu, hakuna aliyejenga hekalu.
Walizaliwa, wakangoja,
wakazaa mwingine wa kungoja.

Hapo benchi la tatu likalalama.
Bibi Wadiha alikuwa amesimama.

Mwanawe Shalita aliteremshwa garini kwenye kizuizi,
mwaka wa pili wa vita,
akiwa na sanduku la matufaha ya shangazi yake wa mjini.
Matufaha yalirudi.
Katika daftari la parokia jina lake lina kuzaliwa,
lina ubatizo,
halafu weupe.
Mapadri watatu wamepita; hakuna aliyethubutu kuujaza.

"Rudia," akasema. "Tangu uhamishoni. Taratibu."

Nikarudia. Naye akakunja vidole, jina kwa jina,
vidole vyeusi kwa zeituni za msimu ule,
akamaliza mikono miwili, akaanza upya,
na nilipolifikia jina la mwisho alikuwa na kumi na tatu.
"Sasa soma hesabu yao."
Nikasoma: vizazi kumi na vinne.

Mjomba Zakhia akafumbua jicho moja.
Padri akaanza kueleza, kwamba wenye elimu husema
labda mmoja alihesabiwa mara mbili, kwamba waandishi wa kale...
"Sikuuliza, Abuna."
Alikuwa akikitazama kidole kilichofuata, kingali wima.
"Aliyehesabu anamjua mmoja
ambaye sisi hatumwoni."
Akaketi. Akajifunga skafu yake vizuri.

Nimekuwa mtu mzima juu ya ukurasa ule.
Ahadi ni deni, na wadeni wengi
huhama usiku, hubadili mtaa, hukana sura zao.
Huyu mmoja amekaa na daftari mapajani,
anaandika mwenyewe majina ya wanaomdai,
baba, mwana, mjukuu, mjane wa watu wengine,
asije akasahau hata mmoja.
Na siku ya kulipa, neno "akamzaa"
likakatika kwa seremala, kimya,
deni likalipwa kupitia mlango ambao damu haikuujua.

Wadiha alituacha mlozi ulipochanua.
Ule weupe hatujaujaza.
Lakini kila mwaka, theluji ikiwa kizingitini,
nikishalisoma jina la kumi na tatu
nanyamaza, kiasi cha pumzi moja,
na hata watoto wa watoto wa Tanusi
hushika maganda mkononi,
wakingoja nani ataitwa.