Gramu Arobaini

Ninyi mnaochora kipakatalishi cha mwaka kesho,
mimi ni Khalayi wa kibanda cha bluu, Kibuye,
ubavuni mwa wauza redio.
Jina langu hamlijui. Matumbo ya kazi yenu nayajua
kama mpishi ajuavyo matumbo ya mbuta.

Nasikia kinakuja chembamba zaidi.
Kitateleza ndani ya bahasha, wanasema,
mtoto atakibeba kwa vidole viwili.
Sawa. Wembamba ni uzuri, sibishi;
nami nimebeba mashine za kale kutoka stendi hadi hapa
bega likilia.
Lakini hebu ngojeni kidogo, kabla hamjakifunga.

Mmewahi kuona sami?
Wadudu wa ziwa, huinuka majini kama moshi
usiku usio na mwezi, na stima ikipotea mji mzima
huifuata skrini ya yule mmoja anayesoma.
Huingia kwenye matundu ya feni.
Asubuhi nafungua, napata unga wa mbawa,
kijiko kizima, unanuka samaki.
Basi wekeni wavu. Wavu tu, wa kutolewa na kuoshwa.

Na kioo kinachosomeka juani,
maana Mwalimu Shitandi husahihisha mitihani mlangoni,
shati kichwani kama hema,
akizitafuta alama za watoto wa watu.
Na betri iliyoshikwa kwa skrubu. Skrubu, jamani!
Gundi yenu naipasha moto kwa kikausha nywele cha saluni ya jirani,
naichokonoa kwa kadi ya simu,
nikimwomba Mungu isitoe moshi.
Chaja nayo ivumilie stima yetu,
inayokuja, ikaondoka, ikarudi na hasira.

Rangi? Sina neno na rangi.

Ningeishia hapo, ila Jumanne alikuja Mzee Onditi
kutoka Ahero, mashine kaifunga kwa leso ya marehemu.
Nyembamba hasa, zawadi ya kijana wao.
Bilha aliandika humo miaka minne:
majina ya mtama, kila mbegu aliyoijua mamake,
ipi huvumilia mafuriko, ipi ndege hawaitaki,
nani alimpa nani.
Kisha chai. Kikombe kimoja tu, siku ya matanga,
mkono wa mgeni.

Nilifungua. Zamani ningechomoa kumbukumbu,
kipande cha urefu wa kidole, nikaipachika kwingine,
na maneno ya mtu yangehama nyumba inayoungua.
Humu hamna cha kuchomoa.
Mmeichomelea ubaoni, na ubao umeota kutu ya kijani.
“Hata jina moja la mtama?” aliniuliza.
Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jioni ile nilikwenda kwa Zamzam, muuza iliki,
mwenye mizani ya vikombe viwili vya shaba.
Nikaweka vitu vya mashine ya kale:
kitako cha kumbukumbu, kumbukumbu yenyewe,
skrubu za betri, kipande cha wavu.
Yeye akadondosha iliki upande wa pili, punje kwa punje,
hata hakuniuliza ni za nini,
mpaka mkono wa mizani ukatulia.
Gramu arobaini.
Iliki ya sufuria moja ya pilau ya arusi.

Hizo ndizo ninazowadai.
Kifanyeni kinene kwa unene wa ukucha.
Kichwa kilichozoea ndoo ya lita ishirini
hakitalalamika.

Mashine ya Onditi bado iko rafuni.
Hajaja kuichukua, nami sijampigia.
Kila asubuhi naifuta vumbi, naiinua:
nyepesi, nyepesi mno,
kama kitu ambacho hakijawahi kuandikwa.