Upana wa Mlango

Kiinua mgongo kimeingia benki Jumanne,
mgongo wangu haujainuka.
Miaka thelathini na minne nimegeuza wagonjwa Kitete,
ubavu huu, ubavu ule,
na sasa wanangu wananipigia simu kwa zamu:
Mama, msizeekee nyumba ya kupanga, jengeni.

Tujenge wapi?

Kashindye anataka Ipuli.
Kiwanja kikubwa, anasema, utapanda mapapai,
utafuga kuku, hakuna wa kukuchungulia.
Fundi Mgalula ana picha kwenye simu,
anazisukuma kwa kidole kilichokaukiwa na saruji:
hii ya kuficha paa, Mama, ndiyo wanayojenga wote siku hizi;
hii mgongo wa tembo;
hii ina masta tatu na ngazi saba barazani, heshima.
Ngazi saba.
Namtazama Kashindye anavyoshuka kwenye bajaji,
mkono kwanza, kisha goti, kisha jina la Mungu.

Nikawaambia: nipeni sufuria.
Sijarukwa na akili.
Pale Ipuli, mchana kweupe,
kando ya msingi wa jirani ambaye hajahamia,
niliiachia sufuria ianguke kwenye mawe
nikaanza kuhesabu.
Nilifika mia.
Alikuja mbwa.
Akanusa, akaona haina kitu, akaenda zake.

Cheyo, ukuta mrefu, chupa zilizovunjwa juu yake.
Sufuria ikalia.
Geti likafunguka kidogo, jicho moja, likafungwa.
Kashindye alikwisha kusogea mbali nami
kama mtu anayesubiri gari lingine.

Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa,
ile nyumba ya marehemu Bi Zuwena,
ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule,
bati lenye kutu rangi ya chai,
choo uani,
sikufika hata kumi.
Walikuja wanawake watatu, mmoja ana unga mikononi,
mtoto na mpira wake wa makaratasi,
na babu mmoja asiyeona vizuri, anapapasa ukuta,
Nani kaanguka? Jamani, nani kaanguka?

Nikaokota sufuria yangu. Aibu ilinishika, na kingine ambacho si aibu.

Kashindye hakusema neno. Aliinua kidole.
Ilikuwa treni ya Mwanza, imechelewa kama ada yake,
na pale uani, kwenye kamba ya nguo za watu,
honi ilifika nyembamba, imechujwa na mabati.
Mtu aliyekaa na breki za mabehewa ujana wake wote
husikia kwa kifua.
Bei gani? akauliza,
kwa sauti ya asiyetaka kununua.

Basi. Choo tumekiingiza ndani, cha kukaa.
Ngazi tumevunja, tumemwaga mteremko wa saruji,
wajukuu wanauteleza kwa matako.
Rangi bado. Tunagombana kuhusu rangi.

Ila mlango.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Wahenga hawakubeba machela.
Mimi nimewahi kuisimamisha machela wima mlangoni pa watu,
mgonjwa amefungwa kwa kanga mbili, anatazama miguu yake,
kwa sababu fremu ilikuwa nyembamba
na ilichongwa vizuri, hakuna aliyetaka kuivunja.

Nikamshikia Mgalula futi: sentimita mia na ishirini.
Mia na ishirini, Mama? Hii nyumba, si ghala!
Mtapitisha nini hapa?

Mashine ya kukoboa ilikuwa imezimwa.
Kabati, Kashindye akasema upesi.
La mninga.

Nilimtazama. Yeye alitazama futi.
Makabati mawili, nikasema.

Fundi akaandika.