Alasiri Huru

Kwenye ratiba waliandika kwa herufi za mlazo:
Jumatano, saa nane mchana, alasiri huru.
Wahasibu mia mbili wa vyama vya ushirika
tuliyasoma maneno hayo kama watoto wa shule
walioona mwalimu mkuu anafunga geti na wao wako nje.
Kundi A, maporomoko ya Materuni.
Kundi B, kahawa, Uru.
Kundi C, kuogelea Chemka, njoo na taulo lako.

Mimi nilitoka Lindi na madera manne mepesi.
Hakuna aliyeniambia Julai ya Moshi ina meno.
Nilivaa mawili, moja juu ya jingine,
nikaenda kusikiliza mada ya mizania
nimepakata chupa ya chai kama mtoto wa mtu.

Basi kabla ya Uru, Memorial.
Mitumba vilima kwa vilima, na Ndesario katikati
anapunga koti la sufu, rangi ya majivu.
"Mama, huko lilikotoka limekula theluji miaka.
Hapa liko likizo!"
Kumi na tano, akasema. Sita, nikasema.
Akaitazama kadi ya mkutano shingoni mwangu.
Nilisahau kuivua.
Kadi ile ilinigharimu elfu tatu nzima:
nililichukua kwa tisa.
Mfuko wa ndani ulikuwa na tiketi,
lugha siijui, tarehe imefutika nusu.
Labda ya treni. Labda ya mahali pa kuogelea.
Nikaiacha humohumo.

Uru, kijana Ombeni akatugawia michi.
"Twangeni, wageni, na sauti zitoke!"
Wa Tabora akatwanga, wa Njombe akapiga picha,
wa Singida akapindua kinu.
Mimi nilikaa ukingoni mwa mfereji
na mwenye shamba, Mama Ndeonansia,
aliyekuwa akichambua buni bila kuziangalia.
Akauliza, korosho mnadani ilikwenda shilingi ngapi?
Nikamwambia. Akaguna.
Na kahawa? Akaniambia. Nikaguna.
"Na makato?"
Hapo ndipo tuliposogeleana.
Tukahesabu kwa vidole: ushuru, magunia, usafiri,
salfa yetu, mrututu wao,
mpaka vidole vikaisha na deni likabaki.
"Mwisho," akasema, "unarudi nyumbani na risiti.
Sijui nani huziandika. Ana mwandiko mzuri."
Mkono wangu wa kulia niliusukuma mfukoni mwa koti,
ukaikuta ile tiketi.
Kahawa ilipoletwa niliipokea kwa wa kushoto,
naye aliona, hakusema.

Jioni kundi C walirudi na nywele mbichi,
wanasifu maji ya buluu, kamba ya kubembea,
visamaki vilivyowatekenya visigino,
na mkaguzi wa Shinyanga aliyeruka na miwani yake
akaibuka bila miwani.
Kundi A walirudi matope magotini,
wameshiba mtori, hawana la kusema.
Kila mmoja aliuliza: mmeuona?
Hakuna aliyeuona. Siku ya nne hiyo,
mlima umejifunika gubigubi.

Alhamisi saa nne, mapazia yamefungwa kwa ajili ya projekta,
mtoa mada yuko slaidi ya thelathini na moja,
Aikaeli wa chai akafungua mlango kidogo,
akatutazama, akaufunga.
Tulipotoka akasema, ulitoka.
Wote, hadi theluji. Dakika kumi hivi.
"Mbona hukutuita?"
"Mlikuwa kazini," akasema, akimimina.

Koti liko Lindi sasa, nyuma ya mlango wa ofisi.
Jua hili halina kazi nalo.
Watu huuliza kama naliuza, nawajibu liko likizo.
Ila siku za malipo, foleni ikiwa ndefu mpaka barabarani,
mkono huu ukiandika, ukiandika,
kuna wakati huinuka wenyewe
ukatafuta mfuko.